Bakuli Halirudi Tupu: Mwongozo wa Kuishi na Jirani Msumbufu Bila Kupandwa na Presha

Kama umepanga chumba Dar es Salaam, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, basi unao majirani watano ambao hukuwachagua. Siku unahamia, mwenye nyumba alikuonyesha dirisha, akakuonyesha swichi, akakuonyesha choo, akapokea kodi ya miezi sita. Hakukuonyesha mtu wa chumba cha pili, ambaye Jumamosi alfajiri huiamsha spika yake kabla hajaamka mwenyewe. Hakukuonyesha jogoo. Hakukuambia kuhusu friza.

Nimeishi kwenye nyumba za namna hiyo miaka 14, Mwananyamala, Tandika na Mbagala. Nimeona watu wazima wakinuniana miaka miwili kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Nimeona pia watu waliotukanana asubuhi wakishirikiana jioni kubeba jeneza. Ninachokuandikia hapa ndicho nilichokiona kikifanya kazi.

Kabla ya hatua ya kwanza, shika neno hili moja. Utulivu na jirani ni kazi ya mikono. Hauji kwa kuvumilia kimya kimya, maana anayevumilia kimya kimya anahesabu, na anayehesabu iko siku atasoma jumla yote kwa sauti, uani, mbele ya watoto.

Hatua ya 1: Mjue uliyenaye

Majirani wasumbufu ni wengi, lakini koo zao ni chache.

Yupo Jirani Spika. Huyu ana chumba cha futi kumi kwa kumi na spika ya kuhutubia uwanja wa mpira. Yupo Jirani Friza, anayegandisha barafu za kuuza kwa umeme wa kuchangia. Yupo Jirani Naazima, ambaye mbuzi yako ya nazi ikishaingia kwake huzunguka nyumba tatu, na siku unayoihitaji utaambiwa iko kwa wifi yake Gongo la Mboto. Yupo Jirani Zamu, ambaye zamu yake ya kuosha choo huangukia siku zile zile anazopata safari. Yupo Jirani Shahidi: anajua jana ulirudi saa ngapi, ulishuka kwenye chombo gani, na mfuko uliobeba ulikuwa wa duka gani. Na yupo Jirani Jogoo, ambaye mwenyewe ni mpole kabisa. Tatizo lake lina mbawa.

Mtambue wako, maana dawa ya mmoja haimtibu mwingine. Kumnunia Jirani Naazima ni kumpumzisha tu kidogo. Kumnunia Jirani Shahidi ni kumpa habari ya wiki nzima.

Ukimaliza kuwapa majina wenzako, kumbuka kwamba kwenye vyumba vile vingine vitano na wewe una jina. Jiulize kwa upole ni lipi. Mtu anayeijua kero yake huzungumza vizuri zaidi juu ya kero ya mwenzake.

Hatua ya 2: Ipe hasira usiku mmoja

Saa sita usiku besi inapiga ukutani, kikombe kinatetemeka mezani, na wewe alfajiri una daladala ya kuwahi. Usitoke. Korido la nyumba ya kupanga usiku ni baraza la kusikilizia: utakachosema mlangoni pa mwenzako kitasikika vyumba vyote, na asubuhi kutakuwa na simulizi tano, kila moja na matusi yake.

Yapo mambo matano tu yasiyosubiri kukuche: moto, mwizi, mgonjwa, mtu anayepigwa, na maji yanayoingia ndani. Hayo piga kelele, gonga milango, amsha mtaa. Mengine yote yalale.

Badala ya kutoka, chukua daftari. Andika tarehe, saa, na kilichotokea, mistari miwili inatosha. Fanya hivyo wiki mbili. Daftari hili ni lako peke yako, wala usilipeleke uani kama hati ya mashtaka. Kazi yake ni kuipima kero. Hasira hupenda neno “kila siku”, na daftari hupenda tarehe. Wakati fulani niliamini kabisa kwamba mwenzangu wa ukuta mmoja alikuwa akinikesha kila siku. Daftari likaonyesha usiku nne katika wiki mbili, zote Ijumaa na Jumamosi. Usiku nne ni jambo la kuzungumza likaisha. “Kila siku” ni vita.

Hatua ya 3: Usitume ujumbe kwa khanga, ufagio wala stetasi

Hapa ndipo sisi Waswahili tunapojiumiza wenyewe, maana tumejaliwa ufundi wa mafumbo.

Khanga ni mfano mzuri. Tangu enzi za Kaderdina Hajee Essak, yule mfanyabiashara wa Mombasa aliyefahamika kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, nguo hii imekuwa ikitembea na maneno yake. Mwanamke aliyekwazwa anaweza kujifunga “Hasidi hana sababu” au “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake”, akapita uani mara saba bila kufungua mdomo. Ni ustadi, nami nauheshimu. Lakini kama silaha ya ujirani una kasoro moja kubwa: khanga haina anwani. Uliyemkusudia anaweza asigeuke hata kuisoma, huku mama wa chumba cha nne, ambaye hana habari na lolote, anaisoma mara tatu na kujiuliza amekukosea nini. Ulikuwa na ugomvi mmoja. Sasa unayo miwili.

Stetasi ya WhatsApp ni khanga iliyopewa injini. Vijembe ulivyoandika usiku vinasomwa na shemeji yako, bosi wako na mwalimu wa mtoto wako, na kila mmoja anadhani ni yeye. Kufagia kwa nguvu karibu na mlango wake, kukohoa kwa makusudi, kupiga sufuria, kumwambia kuku maneno yanayomhusu mtu: yote hayo ni barua zisizo na anwani.

Kumsuta mtu kwa matarumbeta, kundi zima likamwimbia mlangoni mchana kweupe, usikuguse hata kwa wazo. Anayesutwa hasahau. Siku mkipatana atakuwa bado anausikia ule mdundo.

Kama khanga unaipenda, itumie vingine. Doti ina vipande viwili. Nunua yenye maneno mema, “Wema hauozi” kwa mfano, ikate, kimoja kaa nacho na kingine umpelekee. Watu wawili waliogawana doti hugombana kwa shida sana, kwa sababu ugomvi wao utaonekana kwenye kamba ya nguo.

Hatua ya 4: Piga hodi

Chagua saa. Baada ya alasiri ni nzuri: jua limepoa, chakula cha mchana kimeshaliwa na cha usiku hakijabandikwa. Usiende wakati anasonga ugali, usiende ana wageni, usiende siku ambayo ametoka kupigiwa simu ya msiba. Nenda peke yako. Mkienda wawili ni ujumbe, na mkienda watatu ni mkutano wa hadhara.

Piga hodi, subiri ukaribishwe, kaa. Salamu iende mpaka mwisho wake: habari za nyumbani, watoto, kazi, yule mgonjwa wa Morogoro anaendeleaje. Usiikate njiani. Salamu ndefu humpa mwenyeji nafasi ya kukusoma uso na kuona kwamba hukuja kugomba.

Kisha anza na shida yako, uache kosa lake. Yapime maneno haya mawili. La kwanza: “Wewe unapiga muziki sana.” La pili: “Mama Fulani, nimekuja unisaidie. Mwenzako natoka saa kumi na moja alfajiri, na ukuta wetu ni mmoja, usingizi wangu umekuwa wa mang’amung’amu. Tufanyeje?” La kwanza linamtafutia utetezi. La pili linamkabidhi kazi, na watu wengi wakikabidhiwa kazi ya kusaidia huwa wema kuliko walivyokuwa dakika tano nyuma. Akiwa amekuzidi umri, shikamoo itangulie, hata kama jana usiku ulimwita jina lingine moyoni.

Omba jambo moja tu. Ukiwa na kero tatu, chagua moja na nyingine zisubiri mwezi ujao. Anayeletewa orodha hushika lile dogo kuliko yote na kuligombea hilo.

Hatua ya 5: Umeme, weka hesabu mkekani

Kama nyumba yenu ina mita moja ya LUKU, nusu ya ugomvi wenu unakaa kwenye kile kisanduku. Umeme unakatika saa mbili usiku, kila mtu anamtazama mwenye friza, mwenye friza anaitazama runinga ya wengine, na kijana asiye na familia wa chumba cha tano anasema yeye hana kitu ndani, kwa hiyo hatachanga.

Tiba yake ni hesabu ya darasa la saba. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja. Kila kifaa kimeandikwa wati zake nyuma au chini. Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000, umepata yuniti. Kaeni uani jioni moja, kila mtu aje na vifaa vyake kwenye karatasi.

Chukua familia yenye runinga ya wati 60 inayowaka saa 6 kwa siku: kwa siku 30 ni yuniti 10.8. Feni ya wati 50 kwa saa 8: yuniti 12. Taa ya wati 9 kwa saa 6: yuniti 1.6. Jumla yuniti 24 na ushee. Sasa mchukue kijana asiye na kitu ndani. Ana hita ya wati 1,500 ya kuchemshia maji ya kuoga, dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni. Hiyo ni yuniti moja kwa siku, yaani yuniti 30 kwa mwezi. Yeye peke yake, na ndoo yake moja, ameipita familia yenye runinga na feni. Hakuwa akidanganya. Kitu kinachopasha moto kinakula umeme kwa haraka kuliko kitu kinachotoa mwanga au picha, na wengi wetu hatukuwahi kuambiwa.

Mambo mawili zaidi ya kuyaweka mkekani. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, huuziwa umeme kwa bei ya chini mno kuliko mteja wa kawaida. Vyumba sita kwenye mita moja vinavuka kiwango hicho mapema, kwa hiyo nafuu ile inawapita wote. Mita ndogo za kila chumba hazitairudisha nafuu hiyo, ila zitaonyesha nani ametumia nini, na hiyo pekee ni dawa ya miaka. Pili, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Kodi ile ni ya mwenye jengo. Yuniti zikija pungufu, msitafunane ninyi kwa ninyi kwanza. Someni risiti, kisha mkae na mwenye nyumba muikate kwenye kodi ya pango.

Hatua ya 6: Sauti, sogeza spika kabla ya kusogeza mtu

Nyumba zetu nyingi hazina dari, na kuta za vyumba haziendi mpaka kwenye bati. Juu ya vichwa vyetu kuna chumba kimoja kikubwa cha hewa tunachokimiliki wote sita. Ndiyo maana unasikia mwenzako akikoroma kana kwamba mmelala kitanda kimoja. Jirani Spika kwa kawaida hajui kwamba muziki wake kwako una nguvu kiasi hicho. Anayeketi mbele ya spika anasikia wimbo. Wewe wa nyuma ya ukuta unasikia besi tu.

Kwa hiyo, kabla ya kumwambia azime, msaidie kusogeza. Spika itoke kwenye ukuta mnaochangia. Isikae sakafuni, iwekwe juu ya kitu laini, blanketi lililokunjwa au kipande cha godoro. Besi ipunguzwe, sauti nyingine zibaki. Dakika kumi za kazi hiyo, mkiwa wawili, zina faida kuliko miezi ya kununiana.

Kisha wekeni saa. Nyumba moja niliyoishi ilikubaliana hivi: mwisho saa nne usiku siku za kazi, saa sita Ijumaa na Jumamosi; kukiwa na msiba au mgonjwa, hakuna redio; mtoto akiwa na mtihani wa taifa, nyumba nzima ni ya mtoto huyo. Agano hilo liliandikwa kwa kalamu ya wino na kubandikwa juu ya swichi ya korido. Lilidumu kwa sababu kila mmoja alitia neno lake ndani.

Shughuli ya usiku, iwe mkesha wa harusi au kigodoro cha kufunga mtaa, ni jambo jingine. Hiyo inahitaji kibali, nayo Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Baa iliyowekwa katikati ya makazi na kukesha ikipiga muziki, hilo ni jambo la serikali ya mtaa na la NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, na kulipeleka huko si uchokozi. Lakini mwenzako wa chumba cha pili anayesherehekea arobaini ya mtoto wake, huyo nenda ukamsaidie kumenya vitunguu. Utalala kidogo, ila utakuwa umekula pilau.

Hatua ya 7: Jogoo

Usibishane na jogoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japan, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa mwilini mwake: hata akifungiwa mahali pasipobadilika mwanga, bado anawika wakati wake ukifika. Wala kumrushia ndala hakubadili ile saa.

Zungumza habari ya mahali anapolala. Banda liende upande wa uani usio na dirisha la mtu, mlango wake ugeuzwe. Jitolee mbao mbili na misumari, na jasho lako. Jirani aliyejengewa banda hukuletea mayai, na mtu anayekula mayai ya nyumba ile husikia kuwika kwa alfajiri kwa sikio jingine kabisa.

Hatua ya 8: Jirani Shahidi, mpe kazi

Umbea wa uani huumiza, nami sitaki kuufanya mdogo. Ndoa zimeyumba kwa maneno ya kwenye beseni la kufulia. Lakini kumfuata mwenye maneno na kumuuliza “ulisema nini juu yangu?” ni kumfungulia sura mpya ya hadithi.

Fanya mawili. Kwanza, ukiwa kwenye beseni na yakaanza maneno ya mtu asiyekuwepo, sema neno moja jema juu yake kisha uulize bei ya mchele. Usihubiri. Ukifanya hivyo mara tatu, watajua kwamba kwako maneno hayapati pa kukaa. Pili, yale macho makali yatumie. Mtu anayeona kila anayeingia na kutoka ndiye atakayemwona mwizi, atakayepokea ujumbe wako wa kikoba, atakayejua mtoto wako ametoka shule na hajaingia ndani. Mwambie, “Dada, natoka, niangalizie mlango.” Ukimkabidhi ulinzi umempa heshima, na mlinzi huona aibu kumsema anayemlinda.

Hatua ya 9: Mahali ambapo upole peke yake hautoshi

Zipo kero za kuzungumza, na zipo hatari. Masika ikifika, kati ya Machi na Mei, wapo wanaotoboa shimo la choo ili maji ya mvua yabebe uchafu. Wanaita kutapisha choo. Uchafu ule hauendi mbinguni. Unaingia uani kwa mwenzako, kwenye kisima, kwenye mguu wa mtoto anayecheza. Mji huu unakijua kipindupindu: mlipuko mkubwa wa mwaka 2015 ulianzia hapa hapa Dar es Salaam, mwezi Agosti, kisha ukasambaa mikoani. Jirani anayetapisha choo hahitaji doti ya khanga. Anahitaji bwana afya wa kata, na anamhitaji leo. Vivyo hivyo kipigo unachokisikia nyuma ya ukuta, mtoto anayelia kwa namna isiyo ya mtoto, waya wa umeme uliounganishwa kienyeji juu ya bati. Hapo kukaa kimya kwa jina la amani ni kumwacha mtu aumie.

Kwa mengine yaliyoshindikana, panda ngazi moja moja. Anza na mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo wa nyumba kumi kumi uliosukwa na TANU miaka ya 1960 umebadilika sana tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, lakini mtu anayewajua nyote wawili na aliyemzika baba yako bado ana uzito. Majirani zetu wa Kenya waliliona hilo, wakalichukua hata jina, Nyumba Kumi, mwaka 2013 kwa ajili ya ulinzi wa mitaa. Baada ya mjumbe ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mtendaji, kisha baraza la kata.

Baraza la kata liliwekwa kwa sheria ya mwaka 1985, na ndani yake wanakaa watu wanne hadi wanane wa kata hiyo hiyo. Kwenye migogoro ya ardhi, marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka ya kuamua na kuliachia usuluhishi. Wengine waliona limenyang’anywa meno. Mimi naona kwa ukuta uliosogea hatua moja kati ya watu watakaoamka pamoja kesho, kusuluhishwa ndiko kunakofaa zaidi. Hukumu humpa mmoja mpaka. Usuluhishi huwarudishia wote wawili salamu.

Ukiwa unapanda ngazi hiyo, mwambie mwenzako kwamba unaipanda. “Kaka, tumeshindwa sisi wawili, kesho nampitia mjumbe, naomba na wewe uwepo.” Mtu aliyealikwa huja na hoja. Mtu aliyeshtukizwa na barua huja na ndugu.

Hatua ya 10: Bakuli

Hatua hii nimeiweka mwisho, lakini ianze siku unayohamia.

Kwenye nyumba ya kwanza niliyopanga, mama wa chumba cha tatu aliniletea tambi jioni ya siku ile ile, kwenye bakuli la udongo lenye ua la bluu, limefunikwa kisahani. Alikuwa mkali. Ndiye aliyenifokea wiki iliyofuata kwa kumwaga maji ya kufulia karibu na jiko lake, na sauti yake ilifika barabarani. Nilikuwa na jibu mdomoni. Kisha nikaona lile bakuli, liko juu ya meza yangu, limeoshwa, linasubiri.

Kwetu bakuli la watu halirudi tupu. Unatia kitu: maandazi, embe mbili, hata chumvi kama siku ni ngumu. Kwa hiyo nisingeweza kumjibu vile nilivyotaka, maana kesho yake ilinibidi nigonge mlango wake na bakuli mkononi. Nilikwenda na maembe. Akapokea. Akasema maji nimwagie upande ule wenye mfereji. Siku tatu baadaye bakuli likarudi na bamia.

Sikulielewa jambo hilo mpaka miaka ilipopita. Mtume Muhammad alimuusia Abu Dharr kuongeza maji kwenye mchuzi ili jirani naye apate, na Kitabu cha Mithali kinatuonya tusizoeshe mguu mno kwenye nyumba ya jirani akatuchoka. Bakuli linatimiza mausia yote mawili: linapeleka mchuzi, na linaingia ndani mara nyingi kuliko mguu. Na tena linafanya kazi ya ajabu ya kutunza deni dogo lisiloisha. Leo zamu ni yangu, kesho ni yako, wala hakuna siku tutakayosema tumelipana, kwaheri. Mafundisho mengi ya kisasa yanasema maliza madeni yako yote. Kwa jirani, acha moja. Akuazime kinu na wewe uwe na chano chake. Watu wasiodaiana kitu hawana sababu ya kupigiana hodi, na asiyepigiwa hodi kwa wema atapigiwa siku ya ugomvi.

Basi ukimaliza kusoma, angalia rafu yako ya vyombo. Kama hakuna hata kimoja cha mtu mwingine, hapo ndipo pa kuanzia, tena leo, kabla spika haijawashwa. Pika kitu, hata kidogo, ongeza maji kwenye mchuzi, ufunike na kisahani, ukapige hodi kwa yule anayekukera kuliko wote.

Nilihama nyumba ile miaka mingi iliyopita. Siku ya kuhama zamu ilikuwa yangu, na kwa haraka ya kupakia kirikuu bakuli likaingia kwenye boksi langu. Liko hapa, lenye ua la bluu, halina ufa. Sikukuu ikifika nalitia kitu na kulipeleka, na linarudi kwangu lina kitu.